GITAA LETU LISICHONGWE

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi nilizungumze jambo ambalo muhula huu limeleta maneno mengi katika Chama cha Muziki, mabwenini, na hata mezani wakati wa chakula. Baadhi ya wanachama wenzangu wataka gitaa la umeme la shule lipelekwe katika karakana ya useremala, lichongwe, litiwe briji ya tremolo. Mimi nasema lisichongwe. Nitaeleza sababu zangu taratibu, maana mpaka sasa pande zote mbili zimetumia sauti kubwa kuliko hoja.

Kwanza yafaa wazazi, na wale wasiopata kushika gitaa, wafahamu linalogombaniwa. Gitaa letu ni la umbo la Telecaster. Briji yake, yaani kile chuma kinachoshika nyuzi juu ya bao, ni bamba lililokazwa kwa skrubu, wala halitikisiki hata kidogo. Nyuzi sita huingia mgongoni mwa gitaa, hupenya bao zima, hutokea kwenye briji, hupita juu ya sumaku zinazonasa sauti, kisha hufuata shingo mpaka kwenye vigingi vya kukazia. Hakuna kinachosogea ila vidole vya mpigaji.

Briji ya tremolo ni kitu kingine kabisa. Hiyo huegemea skrubu zilizo mbele yake kama mlango unavyoegemea bawaba. Chini yake pana bonge la chuma linaloning'inia ndani ya tundu lililochongwa kupenya bao, na bonge hilo huvutwa na springi zilizofichwa mgongoni. Nyuzi huvuta upande mmoja na springi huvuta upande wa pili, na briji hukaa katikati kama mwamuzi wa mchezo wa kuvuta kamba. Mpigaji akiusukuma mkono wa chuma uliotokeza, briji huinama, nyuzi hulegea, sauti hushuka. Akiuachia, springi huirudisha mahali pake. Akifanya hivyo upesi upesi sauti hutetemeka kama ya mwimbaji mzuri wa taarabu anapolivuta neno la mwisho.

Utamu wa jambo hili siukatai. Wala sitaki mtu yeyote aseme kwamba naipinga tremolo kwa sababu siipendi. Naipenda. Ninalopinga ni patasi.

Hapa niseme neno kidogo juu ya jina lenyewe, maana mwalimu wetu wa kwaya hukasirika kila alisikiapo. Katika elimu ya muziki, tremolo ni kutetemesha ukubwa wa sauti, yaani kuivumisha na kuififisha. Vibrato ndiyo kuipandisha na kuishusha. Kifaa tunachogombania chafanya vibrato. Aliyelivuruga jina ni Leo Fender wa Fullerton, California, alipoomba hataza ya mtambo wake mwaka 1954 na kuuita tremolo. Hataza akapewa mwaka 1956. Na kama kwamba hilo halikutosha, amplifaya nyingi za kampuni yake ziliandikwa "Vibrato" mahali ambapo kazi yake ni tremolo. Basi majina yakageuka kichwa chini, na dunia nzima ikafuata. Mimi pia nitafuata, ili tuelewane.

Huyu Fender alikuwa fundi wa redio, na kupiga gitaa hakujifunza maisha yake yote. Lakini alikuwa msikivu. Wapigaji walikuja karakanani kwake na manung'uniko, naye akayatafutia dawa. Gitaa la umbo letu alilitoa mwaka 1950, na jina la Telecaster likashika mwaka 1951. Wapigaji walipotaka briji inayocheza, Fender hakulichukua lile gitaa la zamani na kulitoboa. Alikaa na wenzake wakabuni gitaa jipya toka mwanzo, Stratocaster, likatoka mwaka 1954, bao lake limechorwa kwa kuzingatia tundu la springi. Hata hivyo mtambo wao wa kwanza haukufaa, kwa kuwa sauti ilikufa upesi mno. Wakautupa wakaanza tena. Ndipo walipopata fikira ya kuweka bonge zito la chuma chini ya briji ili sauti idumu. Nawaomba wenzangu walifikirie jambo hili. Watu waliokuwa na mashine zote za kazi, na ambao kutengeneza magitaa ndiko kulikokuwa riziki yao, walishindwa mara ya kwanza. Sisi tuna keekee moja na patasi za darasa la useremala.

Tena lile Stratocaster lenyewe liliuzwa kwa namna mbili. Lenye tremolo bei yake ilikuwa dola 249.50, na lisilo nayo dola 229.50. Maana yake ni kwamba tangu siku hizo kampuni ilijua wako watu wenye akili zao timamu wasioitaka. Eric Clapton, ambaye hakuna awezaye kumwita mshamba katika kazi hii, hupiga Stratocaster ambalo tremolo yake imezuiwa kwa kipande cha mti ili isisogee. Ajabu iliyoje! Yeye ameipata bure akaifunga, nasi tusio nayo twataka kulipasua bao ili tuipate.

Sasa nije kwenye mambo ya Fizikia, kwa kuwa wenzangu wa Kidato cha Nne wamesoma habari za nyuzi zenye mkazo lakini hawajazileta katika mabishano haya. Nyuzi sita za kawaida za gitaa la umeme, zikikazwa sawasawa, huvuta kwa jumla ya uzito wa karibu kilo 46. Huo ni uzito wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza, na hapungui wala hashuki, yuko juu ya bao usiku na mchana. Kwa briji ya kukazwa, uzito huo wabebwa na mti na skrubu. Kwa briji ya tremolo, wapingwa na springi peke yake. Na sauti ya uzi haifuati mkazo moja kwa moja, bali yafuata kipeuo cha pili cha mkazo huo: ukitaka kuishusha nusu toni tu, wapunguza mkazo kwa karibu 11 kwa 100, ukitaka kuishusha oktavo nzima, mkazo lazima ubaki robo. Kwa hiyo briji inayocheza yalegeza nyuzi na kuzivuta tena kwa nguvu kubwa kila mara mkono unaposukumwa, na kila mara uzi hauna budi kuteleza katika mtaro wake wa mfupa pale juu ya shingo na kurudi palepale ulipokuwa. Ukikwama hata kwa unene wa unywele, gitaa limekwisha haribika sauti.

Na uzi mmoja ukikatika? Katika gitaa letu la sasa, uzi ukikatika katikati ya wimbo, mitano iliyosalia hubaki na sauti zake. Mpigaji mwenye moyo humaliza wimbo, na wazazi waliokaa viti vya nyuma hawatambui. Katika gitaa la tremolo inayoelea, uzi mmoja ukikatika zile springi zashinda, briji yarudi nyuma, na nyuzi zote tano zilizosalia zapanda juu kwa pamoja. Hakuna wimbo tena. Hapo ni kushuka jukwaani na kuomba radhi. Nauliza: katika mwaka mzima bendi yetu hupanda jukwaani mara ngapi? Siku ya Wazazi, mahafali, na labda mara moja kwenda kwa shule jirani. Tuna gitaa moja la umeme, na nyuzi za akiba huletwa na yeyote anayekwenda mjini. Tuko katika hali ya kutaka chombo kisichokasirika.

Liko na jambo la kupumzisha mkono. Wapigaji wetu wengi, hasa waliojifunzia gitaa kavu nyumbani, hulaza kiganja juu ya briji ili kuzima mlio wa nyuzi kidogo, na mtindo huo ndio uipao rithimu yetu ule mdundo mkavu ambao watu huusifu. Laza kiganja namna hiyo juu ya briji inayoelea, nayo yainama nyuma, na nyuzi zote zapanda. Vivyo hivyo ukiupinda uzi mmoja kwa kidole kuupandisha, briji yavutika mbele na mingine mitano yashuka. Waliozoea hujifunza kuyakwepa haya yote, sikatai. Lakini gitaa la shule hushikwa na wanafunzi kumi na wawili kwa zamu, na nusu yao bado hawajui kukaza nyuzi bila kusaidiwa.

Upande wa pili nao wana maneno yao, na mengine si ya kudharauliwa. Wao wasema: Hank Marvin wa The Shadows, katika Apache ya mwaka 1960, angekuwa nani bila ule mkono wa chuma? Na Jimi Hendrix, pale Woodstock mwaka 1969, alipoufanya wimbo wa taifa la Marekani ulie kama mabomu yanayoanguka, angefanyaje kwa briji iliyokazwa? Kweli kabisa, asingeweza. Lakini wote wawili walishika Stratocaster, gitaa lililozaliwa na mtambo wake. Mfano huo wanifaa mimi kuliko unavyowafaa wao.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya Clarence White, na aliyeileta katika mkutano alistahili makofi aliyopigiwa. Clarence White alikuwa na Telecaster ya mwaka 1954, na mwishoni mwa miaka ya 1960 lilichimbwa sana mgongoni, likatiwa mikono ya chuma na springi, hata ukisukuma shingo chini, mkanda wa begani huvuta mtambo na uzi wa pili hupanda toni nzima. Mtambo haukuenea ndani ya bao, ikabidi gitaa liongezewe bao jingine nyuma. Na gitaa hilo likawa mashuhuri, na watu wengi wameuiga mtambo huo mpaka leo. Basi, wasema, kama wao waliweza kulichimba, kwa nini sisi tusiweze?

Jibu langu ni hili. Aliyeubuni na kuutengeneza ule mtambo, Gene Parsons, alikuwa mwanamuziki na pia fundi wa vyuma aliyejua kukata kwa vipimo. Na gitaa lilikuwa la Clarence White mwenyewe. Lingeharibika, hasara ingekuwa yake, na kesho yake angetafuta jingine. Gitaa letu ni la nani? Lilinunuliwa kwa michango ya wazazi, pamoja na amplifaya yake, miaka mitatu iliyopita. Waliochanga wengine watoto wao wamekwisha maliza shule. Wengine watoto wao bado hawajafika. Wako shule ya msingi, wanasikia habari za bendi yetu kwa ndugu zao. Wanachama wanaotaka tremolo zaidi ni wa Kidato cha Nne, ambao wataipiga kwa muhula mmoja kisha waende zao. Sisemi haya kwa kuwaonea. Ni hesabu ya miezi tu.

Wenye kuijua kazi ya mbao wanielewe pia katika hili. Bao la gitaa la namna yetu lina unene wa milimita 45 hivi. Tundu la bonge la tremolo lapaswa kupenya unene wote huo, na mgongoni lichimbwe jingine pana la springi, mahali palepale ambapo sasa nyuzi zapita. Kutoka mfupa wa juu mpaka briji, urefu wa uzi ni milimita 648, na alama ya kumi na mbili ya shingo yakaa nusu yake, milimita 324. Ukikosea briji kwa milimita chache nyuma au mbele, kila sauti ya juu ya shingo itakuwa ya uongo, na vile vipande vidogo vya kurekebishia havina nafasi kubwa ya kusogezwa. Ukikosea kwa upande, uzi wa kwanza utateleza nje ya shingo kila ukiushika. Na mti uliokwisha chongwa ni kama maji yaliyomwagika. Waweza kuziba tundu kwa kipande na gundi, lakini skrubu zitakazobeba kilo 46 hazipendi kushika gundi.

Nakumbuka mwaka jana gitaa kavu la mwenzetu mmoja lilipelekwa kwa fundi mmoja mjini, aliyesema aweza kila kitu. Lilirudi briji yake imebandikwa upande, na siku ya tatu ikang'oka yenyewe usiku bwenini kwa mshindo uliowaamsha watu wawili. Nalo lilikuwa na nyuzi nyepesi.

Je, basi tusiwe na tremolo milele? Hapana, sikusema hivyo. Iko njia isiyotaka patasi, nayo ni ya zamani kuliko Stratocaster. Zamani, mnamo mwaka 1929, Doc Kauffman, ambaye baadaye alishirikiana na Leo Fender, aliomba hataza ya kifaa cha kutetemesha nyuzi. Kifaa hicho kilikuwa na sifa mbaya ya kuharibu sauti za nyuzi. Mwimbaji na mpigaji Merle Travis alikuwa nacho katika gitaa lake, akachoka nacho, akampelekea Paul Bigsby, fundi wa pikipiki wa California, amtengenezee. Bigsby badala ya kukitengeneza akabuni chake: bomba la chuma linalokaa juu ya bao, nyuma ya briji, nyuzi hufungwa katika mhimili wake, na springi moja fupi nene hukaa chini ya mkono. Kila kitu kiko juu, hakuna tundu la kupenya. Mitambo ya namna hiyo yaendelea kutengenezwa mpaka leo, na kwa umbo la Telecaster vinapatikana vibamba vya kuifungia vinavyotumia matundu ya skrubu yaliyokwisha kuwapo, bila kutoboa jipya hata moja. Kampuni ya Fender yenyewe, ilipotaka kuuza Telecaster yenye mkono mwishoni mwa miaka ya 1960, haikuchukua mtambo wa Stratocaster. Ilifunga Bigsby juu ya bao. Kama ingekuwa rahisi kulipasua, nani angelipasua kuliko wao?

Kweli Bigsby haishuki sana. Kwa mtambo huo huwezi kuangusha mabomu ya Hendrix. Utapata mtetemo wa nusu toni au zaidi kidogo, laini, kama maji yanayoguswa na upepo. Neil Young amefanya kazi yake kubwa kwa Les Paul ya mwaka 1953 yenye Bigsby, na Duane Eddy mwaka 1958 aliwafanya vijana wa Marekani wacheze kwa Gretsch yenye mtambo huohuo. Kwa nyimbo tupigazo sisi yatosha, na ikituchosha twaifungua jioni moja, twarudisha briji yetu, na gitaa li vilevile. Bei yake si ndogo, na fedha za Chama hazitoshi kwa sasa. Hilo ni jambo la kuchangisha. Si sababu ya kuchukua patasi kwa kuwa patasi ni bure.

Tena kabla ya mtambo wowote, viko vidole. B.B. King alipokuwa kijana alitaka kupiga kama binamu yake Bukka White, aliyetelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi zikalia kama mtu. B.B. King hakuweza kuteleza na chuma, basi akajifunza kutikisa kidole cha mkono wa kushoto juu ya uzi mpaka ukalia vilevile. Kwa mtetemo ule alijulikana dunia nzima, na mwaka 1974 watu wa Kinshasa walimsikia kwa masikio yao katika tamasha lililofanyika kabla ya pigano la Muhammad Ali na George Foreman. Nimewasikiliza wenzangu wa Chama muhula mzima. Wako wawili wawezao kutikisa kidole kwa kipimo. Wengine hutikisa mkono mzima, na gitaa hutikisika, na sauti imesimama palepale.

Wale wanaolalamika kwamba gitaa letu tayari halikai katika sauti, na kwamba tremolo haitazidisha ubaya, nawaambia hivi. Nyuzi zazungushwa vibaya katika vigingi, mara nane na tisa, moja juu ya nyingine, nazo huendelea kujivuta siku nzima. Na mitaro ya ule mfupa wa juu imeingia vumbi. Safisha mitaro, isugue kwa ncha ya penseli, kwa kuwa risasi ya penseli ni kilainisho kizuri. Zungusha uzi mara mbili tatu tu kwa mpango. Nililifanya hivyo gitaa Jumamosi mbili zilizopita kwa idhini ya mwalimu, na lilikaa sawasawa toka mazoezi ya saa tisa mpaka kengele ya chakula cha jioni. Penseli ilikuwa ya Jiografia.

Mkutano wa Chama utafanyika juma la pili la muhula ujao. Naleta mbele yake mambo mawili: gitaa lisitolewe kabatini kwenda karakanani mpaka Kamati ya Wazazi imeulizwa kwa maandishi, na uanzishwe mfuko wa kununua mtambo wa kufunga juu, kila mwanachama atoe kadiri awezavyo. Atakayekuwa na hoja ya kunipinga namkaribisha katika toleo lijalo, na ningependa aje na vipimo vya bao alivyovipima kwa mkono wake.